Bibi Anaitafuta Njaa

Bibi yangu Gulnamo alirudi kutoka hospitali ya Gilgit na masharti matatu: asile chumvi, asile mafuta, na siagi asiione hata kwa jirani. Mama akayashika masharti hayo kama vile aliteremshiwa yeye. Kila mlo akampikia uji wa shayiri mweupe pee, na kila mlo bakuli likarudi jikoni kama lilivyokwenda. Miaprikoti ilikuwa imechanua bonde zima la Hunza, na Bibi anapukutika.

"Kula kidogo basi," nilimbembeleza. "Ukifa na njaa watu watasema mkwe kakunyima."

"Njaa?" Akageukia ukutani. "Ningeipata wapi, Niat? Ndiyo hiyo naitafuta."

Nikacheka peke yangu. Bibi hakucheka, na hiyo ikanitisha, maana mimi na yeye ni watani tangu najifunza kusema.

Kisha akaanza kusimulia, bado kaelekea ukutani. Kabla barabara haijafika kwetu, kila mwaka akiba ilikuwa inaisha ghalani na shayiri bado mbichi shambani. Walikula majani, wakaloweka aprikoti kavu, na mafuta ya kokwa zake yalikuwa tone kwa kila mtu. Jioni wakishuka na mbuzi kutoka malishoni, harufu ya mkate wa nyumba moja tu iliwafanya watoto wa kijiji kizima wakimbie.

"Tumbo lilikuwa linaimba," alisema. "Ukipewa kipande cha mkate, unakisikia mpaka vidoleni."

"Na hamkuwa mnaugua." Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo wasemavyo wageni wanaokuja kuwapiga picha wazee wetu.

Hapo akageuka. "Nani kakudanganya? Tuliugua sana, ila majina ya maradhi hatukuyajua. Nimezaa saba, nikazika watatu. Wagonjwa walikufa mapema, tukabaki sisi, ndio mnatuita watu wenye afya." Akanikagua toka nywele hadi soksi. "Lakini kijana wa miaka kumi na tisa anayemeza vidonge vya kiungulia, huyo hatukuwa naye."

"Ni zile tambi za pakiti, Bibi."

"Ni uvivu wa pakiti." Akaelekeza kidole nje. "Nenda kanifukulie ile siagi."

Mama aliyasikia hayo kutoka jikoni, mwiko ukaganda mkononi. Siagi ile Bibi aliizika mwenyewe kando ya mfereji, imefungwa kwa magome ya mti, mwaka aliozaliwa baba yangu, ambaye sasa anafanya kazi Karachi. Siagi ya namna hiyo hukaa ardhini miaka na miaka, ikawa nyekundu na kali, na haitolewi ila kwa harusi au matanga.

"Haifukuliwi," Mama alisema. "Hapa hapana harusi."

"Basi huyu aoe."

"Mimi?" nikadakia. "Nani atamtaka bwana harusi mwenye kiungulia?"

Mama hakuwa na nafasi ya mzaha. "Mama mkwe, daktari kasema siagi itakuua."

"Na huu uji unanifanya nini, mwanangu?" Bibi aliuliza kwa upole tu, bila kumlaumu. Mama akachukua kapu la mbegu, akaenda zake shamba la viazi.

Nikabaki mlangoni. Nikiifukua, huenda nikamuua. Nisipoifukua, anakufa vilevile, taratibu, mbele ya bakuli lililojaa. Nikachukua jembe.

Harufu ilinifikia kabla jembe halijagusa magome: zizi, ngozi mbichi, na jibini iliyosahauliwa na wenyewe. Nikamega bonge la ukubwa wa ngumi, nikafukia lililobaki, nikarudi mbio.

Kabla sijavua viatu, Mama akaingia nyuma yangu, mikono imejaa udongo. Upepo ulikuwa umeshampelekea harufu shambani, ukamchongea mwanawe.

"Niat!"

"Mwache," Bibi alisema. "Lete hapa. Silambi. Wallahi silambi."

Mama akanyoosha mkono kumnyang'anya, kisha akauacha hewani. Bibi alilipokea bonge kwa mikono miwili, akalipeleka puani, akafumba macho. Alivuta pumzi ndefu, akavuta nyingine. Midomo yake ilikuwa inatembea, lakini haikuigusa siagi.

Kikasikika kitu kinanguruma. Nilidhani ni paka.

Bibi akaudaka mkono wa Mama, na udongo wake wote, akaubandika tumboni pake. "Sikia! Sikia, binti. Imekuja."

"Nini, Mama mkwe?"

"Njaa. Harakisha, isije ikaondoka."

Mama akakimbilia jikoni. Uji ulikuwa ule ule, hauna chumvi wala tone la mafuta. Bibi akaweka siagi gotini, akawa anainusa, anakula, anainusa, anakula. Alikula amelizungushia bakuli mkono wa kushoto, kama mtoto aliyekulia kwenye ndugu wengi na chakula kidogo. Mimi na Mama tulikaa mbali naye, upande wa pili wa jiko, na mkono wake hakuuondoa kwenye bakuli.