Majembe Bila Msiba

Bibi Tulia alinipa ile sarafu siku niliporudi Masukulu na shahada yangu ya historia. Alikuwa ameifunga kwenye pindo la kitenge. "Wewe umesoma," alisema. "Niambie baba yangu alituachia nini."

Baba yake, mzee Asajile, amezikwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, kama wanavyozikwa watu wa kwetu. Bibi alirudi kuishi hapo alipofiwa na mumewe, na kila Jumapili akitoka kanisani hufagia majani juu ya kaburi kabla hata ya kuvua nguo za ibada. Si bei ya sarafu iliyomkosesha usingizi. Mwanawe, mjomba Jotham, alikuwa amekwisha kuchimba nusu ya shamba akitafuta mali ambazo watu husema Wajerumani walizifukia wakikimbia vita. Mahali ambapo hakuwa amepagusa ni kaburini tu. Bibi aliamini kwamba sarafu ikijulikana ni ya nani, Jotham atatulia. Mimi nami niliamini hivyo, tena kwa moyo wote.

Nikaenda mjini Tukuyu kwa sonara mmoja, Prosper. Aliiweka kwenye mizani yake ndogo: gramu sita na nusu kasoro kidogo. Akaisugua kwenye jiwe jeusi, akadondosha tindikali, na mstari wa njano haukufutika. Dhahabu, akasema, sehemu tisa katika kumi. Mengine niliyatambua mwenyewe kwa kusoma na kulinganisha picha: upande mmoja kichwa cha mwanamke, upande wa pili jogoo, maandishi ya Kifaransa, faranga ishirini, mwaka 1909. Zilitengenezwa nyingi mno, kwa hiyo wakusanyaji wa sarafu za kale hawazigombanii. Thamani yake ni ile dhahabu iliyomo na nyongeza kidogo. Ng'ombe mmoja wa maziwa, basi.

Prosper hakuniuliza kama nauza. Aliniuliza natokea kijiji gani, na kwa nani. Nikamjibu. Nililelewa kujibu nikiulizwa.

Nilipofika nyumbani Jotham alikuwa barazani, amekwisha kupigiwa simu na Prosper. Hakufoka. Alinivutia kigoda na kunimiminia chai. Nikamweleza yote: kwamba mzee Asajile alichukuliwa na Waingereza kwenda Vita vya Pili vya Dunia, akapelekwa Madagaska, kisiwa kilichokuwa cha Wafaransa, kwamba Bibi mwenyewe alimsikia akikitaja, kwamba sarafu moja ilirudi katika mfuko wa askari mmoja. Mjomba alisikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote niliyesoma naye chuoni.

"Kwa hiyo ni ya Mfaransa," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Na Mjerumani alipigana na Mfaransa?"

"Alipigana naye, lakini..."

"Basi ni nyara." Akacheka taratibu. "Miaka yote nahangaika na rupia za Wajerumani, kumbe ni nyara. Shule yako imetusaidia, Anyitike."

Nikamwambia mwaka ulioandikwa. Akasema mwaka huo Mjerumani alikuwa hapa hapa Tukuyu, na ilikuwa kweli. Nikasema ni moja tu. Akauliza nani hufukia moja. Nikasema mzee Asajile alirudi kutoka vitani Wajerumani wakiwa wameondoka zamani sana. Hapo akatazama migombani.

"Kwa hiyo yeye ndiye aliyebaki akijua mahali," akasema. "Ndiyo maana aliomba alazwe pale."

Sikumdanganya hata neno moja. Kila kweli niliyomkabidhi aliipokea kama fundi anayepokea tofali.

Jumatatu asubuhi Jotham na wenzake wakaja na majembe. Kwetu wanaume hawaji nyumbani kwa mtu na majembe bila kuitwa, isipokuwa kuna kifo. Walikuja kwa mstari mmoja ndani ya manyunyu, kofia mkononi, wakamsalimu Bibi kwa sauti ya chini. Ng'ambo ya bonde mwanamke mmoja alipouona msururu ule akaanza kuomboleza, akidhani Bibi amefariki. Hakuna aliyekwenda kumnyamazisha.

Bibi akawauliza nani amekufa. Walitazama chini. Ndipo akafungua pindo la kitenge, akamnyooshea mwanawe sarafu.

"Chukua. Kanunue ng'ombe. Mwache baba yangu alale."

Jotham aliipokea kwa mikono miwili, akainama kwa heshima. Kisha akawageukia wenzake, macho yakimetameta.

"Mmeona? Angekuwa nayo moja asingeitoa hivi."

Bibi akawapa mgongo. Akatembea polepole hadi migombani, akakaa juu ya kaburi, miguu ameinyoosha, mikono imelala mapajani. Wanaume wakamfuata, wakasimama kulizunguka. Jotham akachomeka jembe lake ardhini, akachuchumaa kando.

"Hatukuharakishi, Mama," akasema. "Tutasubiri."

Mvua ilimlowesha Bibi kilemba. Akageuka akanitafuta kwa macho, na usoni mwake niliona bado ana imani na mimi.

"Gwe Anyitike," akasema. "Waambie tena. Safari hii waambie vizuri."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na mengi ya kusema: meli zilizowapeleka, bandari waliyoshukia, jinsi askari walivyoweza kuokota au kupewa vitu. Wote wakanigeukia. Mmoja akasogea mbele ili asikie vizuri. Jotham akainuka, akalichomoa jembe, akasimama tayari kulisikia neno litakalofuata.

Nikafunga mdomo. Bibi aliendelea kunitazama.