Kufunga Bomba

Siku ya mkutano tulicheka sana. Bwana mkubwa wa kampuni alishika kipaza sauti akasema wanatujengea kituo cha data, na fundi viatu wetu akauliza, kwa adabu zote, kama ni hospitali ya watu waliodata, maana mtaani kwetu wapo wa kutosha. Watu walishika mbavu. Laiti tungemaliza kucheka mapema tukauliza habari ya maji.

Kumbe mashine za kituo hicho hupata joto, na hupozwa kwa maji. Zenyewe zilikuwa hazijafika, hata ukuta wa kwanza haujapigwa lipu, lakini bwawa la kuzipozea lilishachimbwa, na bomba la kulijaza likaungwa kwenye njia kuu, juu ya mtaa wetu. Wakawa wanakunywa wao kwanza, sisi tunalamba midomo. Mimi ni dobi. Kwa siku ishirini na moja bomba la uani kwangu lilikohoa hewa tu, na mashuka ya nyumba ya wageni yalilundikana hadi dirishani. Nililiacha wazi mchana kutwa, ndoo chini yake, kwa ujinga wa kutumaini.

Aliyewaungia bomba lile ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Fundi bomba. Kampuni ilimchukua kwa sababu anazijua koki zote za mtaa kama vidole vyake. Wiki tatu sikumpa salamu. Mama alinibembeleza, nami nikamjibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ndiyo kazi yangu.

Jumatano tulikwenda getini kudai maji. Walinzi walitoka na marungu na mbwa. Fundi viatu, yule mcheshi, walimpiga rungu la taya akiwa bado anaongea, na meno yake matatu niliyaona mchangani kwa macho yangu. Muuza nyama, tunayemwita Bucha, alimbeba begani huku damu ikimtiririkia hadi viatuni. Hatujafika hata hospitali, kampuni ikabandika tangazo: kesho mafundi watafunga bomba la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Alhamisi asubuhi mdogo wangu alisimama mlangoni kwangu na spana yake kubwa. Macho yalikuwa mekundu.

"Dada," akasema, "nakwenda kulifunga lile bomba."

"Nenda kafunge," nikamwambia. "Mungu anakuona."

Alinitazama kana kwamba nimembariki, akaenda zake.

Nilikwenda moja kwa moja buchani, ambako watu kama thelathini walikuwa wamekusanyika na hasira za jana, nikawaambia kwamba ndugu yangu anakwenda kulifunga bomba. Sikuongeza neno, wala halikuhitajika. Bucha alichukua nondo. Mimi nilirudi kuchukua mti wangu wa kugeuzia mashuka kwenye pipa, nikawafuata.

Tulimkuta nje ya uzio, peke yake, amelala kifudifudi juu ya shimo la koki, mikono yote ndani, anazungusha spana. Hapakuwa na bomba jipya. Hapakuwa na mafundi wengine. Tungeyaona hayo kama tungekuwa na macho. Bucha alimpiga teke la mbavu. Akageuka, akainua mkono.

"Ngojeni," akasema, "nafunga..."

Neno hilohilo ndilo lililommaliza. Nondo ilimshukia mkononi nikasikia mfupa ukivunjika. Mtu mwingine aliokota ile spana. Mimi nilimpiga mgongoni mara mbili. Sitasema mara moja ili nionekane afadhali. Ya tatu sikuipiga kwa sababu aliniona. Aliniita dada, kwa sauti ya chini tu, kama anayeomba maji ya kunywa. Kisha spana ikashuka kichwani.

Walinzi walitoka mbio, tukajiandaa kwa mbwa. Lakini mkubwa wao hakututazama sisi. Alitazama shimo la koki, kisha bwawa.

"Nani kafunga maji?" akafoka.

Nondo ilianguka kutoka mkononi mwa Bucha.

Kila mtu analijua neno lile. Fundi akifunga bomba, maji yanaanza. Mwenye nyumba akifunga bomba, maji yanakatika. Hata mtoto hakosei. Mdogo wangu alisema "lile bomba". Hakusema "bomba la pili". Nilikuwa na wiki tatu za chuki masikioni, nikasikia nilichotaka kusikia.

Tulimpakia kwenye mkokoteni wa kubebea nyama, nikakaa naye, kichwa chake mapajani mwangu. Hatukufika mbali. Alikata roho mbele ya kibanda cha fundi viatu, na Bucha akaendelea kusukuma kwa muda kabla sijamwambia asimame.

Nilirudi nyumbani kumwambia mama. Macho yake yana ukungu siku hizi, anamjua mtu kwa hatua. Nilimkuta kibarazani, miguu imelowa, anacheka peke yake. Uani bomba langu lilikuwa linatoa maji kwa nguvu zote, ndoo imefurika, mashuka ya chini yanaelea.

"Yamerudi, mwanangu," akasema. "Hebu funga bomba, yanamwagika bure."

Nilisimama pale na damu ya mdogo wangu mikononi, maji yakaendelea kumwagika.