Karatasi Nyeupe Kati ya Mayai

Lovina, binti mdogo wa ndugu yetu Enos, alilazwa hospitali ya mjini, tumbo linatoa damu na figo zimegoma. Watu wa afya wakaanza kuuliza mtoto huyu amekunywa maji kwa nani. Wakatajiwa nyumba chache. Yetu ikawemo. Na Jumapili ile zamu ya ibada ilikuwa yetu.

Sisi Waamishi hatujengi kanisa; tunasali kwa zamu majumbani, na mtu asiyewahi kupokea ibada hiyo nyumbani kwake hajui jinsi aibu inavyoweza kukungoja mlangoni. Wiki nzima wanawake walikuja kusugua kuta na kuoka mikate, watoto wao wakigombania mpini wa bomba la kisima uani. Gari la farasi linalobeba mabenchi ya ibada lilikwishafika. Mwanangu Atlee alikuwa amefagia mpaka njia ya kuku, na kuku wenyewe wakawa wanaiogopa.

Alhamisi akaja binti wa idara ya afya ya kaunti, Janelle, amevaa mabuti ya mpira, mkononi ana sanduku la bati.

"Kisima hiki alikichimba babu yangu," Atlee akamwanza hata salamu hazijaisha. "Maji yake hayajamdhuru mtu."

"Babu yako alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Wanne."

"Na wewe?"

Atlee akalitazama zizi.

"Wamezaana," nikamsaidia. Zizi letu liko juu, kisima kiko chini, na theluji iliyolala juu ya samadi ilikuwa inayeyuka tangu mwanzo wa wiki. Mimi nimeishia darasa la nane kama wenzangu wote, lakini maji yanayopanda mlima bado sijayaona.

Atlee akajaza kikombe, akakinywa chote mbele ya mgeni, akakigeuza juu chini ili mgeni aone hakuna tone.

"Mimi nisingefanya hivyo, kaka," Janelle akasema taratibu, akaendelea kujaza chupa yake.

Kabla hajaondoka, kijito kikafurika juu ya daraja. Njia ikakatika, ikabidi alale kwetu. Sanduku lake la kupashia vipimo joto lilitaka umeme wa ukutani, na kwetu umeme haujaingia wala hautaingia.

"Maji haya hayangoji," akasema. "Yakilala majibu yanaharibika. Ningepata tu mahali penye joto kama la mwili wa mtu, usiku na mchana, lisilopanda wala kushuka."

"Joto la kuatamia?" nikamuuliza.

"Bibi, mimi sitanii."

"Nani anatania? Njoo."

Nikampeleka kwenye chumba cha nyuma, penye sanduku langu la kutotolea vifaranga. Chini yake huwaka taa ya mafuta, na ndani mlikuwa na mayai thelathini. Akatia kipimajoto chake, akakisoma, akanitazama kama mtu aliyekuta dirisha kwenye ukuta.

Akafanyia kazi mezani kwa Erma, mkwe wangu, mke wa Atlee. Akachoma kibano kwenye moto, akatwaa karatasi nyeupe ya duara, nyembamba kama ngozi ya yai, imechorwa miraba midogo. Akailaza chini ya faneli, akamimina maji, akayavuta kwa pampu ya mkono. Kwenye ya kwanza akapitisha maji yake mwenyewe, aliyoyachemsha kwao, ili ijulikane kama vyombo vyake vina uchafu. Kwenye ya pili, maji yetu.

"Vitundu vya karatasi hii ni vidogo hata vijidudu havipiti," akatueleza. "Maji yanakwenda, vyenyewe vinabaki juu. Navilisha mchuzi huu mwekundu, navipa joto. Kesho kila kimoja kitakuwa kimezaana mpaka kionekane kwa jicho."

"Kumbe ni kama wakwe," nikasema. "Ukiwalisha na kuwapa joto, wanaongezeka."

Erma akacheka, akakumbuka yeye ni nani, akaacha. "Mama wewe! Haya, mimi kuanzia leo maji nachemsha."

"Kabla ya majibu?" Atlee akamkemea. "Unatufunga kabla ya hukumu?"

Karatasi zile mbili zikawekwa kwenye vijisahani vyenye vifuniko, vikalazwa kati ya mayai.

Alasiri nikasikia ubao wa chumba cha nyuma ukilia. Nikaenda na soksi zangu miguuni, maana uzee una hila zake. Atlee alikuwa ameinama kwenye taa, vidole juu ya utambi. Hakuwa ameugusa. Alikuwa anautazama tu, kama mtu anayeangalia chini ya shimo. Utambi ukishuka, joto linakufa. Karatasi itabaki nyeupe. Jumapili watu watakuja, watoto watanywa, na babu yake atabaki mtu mwema kaburini.

"Mayai yangu yakipoa," nikasema, "utayaatamia wewe. Nami nitawaambia wazee wa kanisa wakukute umekaa hapo hapo."

Akashtuka. Hakucheka. "Mama, nilikuwa naangalia kama mafuta yapo."

"Yapo. Niliyatia mwenyewe."

Akapita kando yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaleta kiti na ufumaji wangu, nikakaa mlangoni mpaka giza, kisha Erma akanipokea zamu. Hatukuambizana kwa nini.

Ijumaa kijito kilishuka. Janelle akafungua vijisahani mezani, sote tumesimama. Karatasi ya maji yake ilikuwa nyeupe vilevile, safi kama kofia ya bibi harusi.

Yetu haikuwa na weupe. Madoa yalikuwa yamesongamana yakapandiana, na kila doa lilimeta kijani cha dhahabu, kama mgongo wa nzi wa chooni. Alipoigeuza penye mwanga wa dirisha ikang'aa yote pamoja. Ilikuwa nzuri kutazama. Hilo ndilo lililonitia baridi.

"Ni mangapi?" Erma akauliza.

"Haya hayahesabiki." Janelle akakifunika kijisahani. "Hivi ni vijidudu vya matumboni. Kama ni aina ile ya Lovina, maabara watasema. Lakini asinywe mtu mwingine. Nani wamekunywa hapa wiki hii?"

Nilikuwa na mzaha mdomoni, nikaumeza.

Atlee akavaa kofia yake. "Hakuna ibada hapa," akasema. "Nitawaambia mwenyewe, nyumba kwa nyumba." Akatoka, akapigilia mpini wa bomba msumari, akafunga farasi kwenye gari.

Tulimtazama dirishani akivuka barabara mpaka kwa Mose, jirani wa kwanza. Neno lenyewe ni fupi: msinywe. Halichukui muda. Lakini gari lilisimama pale, farasi akatikisa kichwa, akatikisa tena, na Atlee hatoki.

"Mke wa Mose alikuja na watoto Jumanne, wakanywa bombani," Erma akanong'ona.

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Atlee akatoka anakimbia, bila kofia, mtoto amemlaza mikononi amefungwa blanketi, na mama yake nyuma, peku kwenye matope. Janelle alikwisha kuchukua funguo za gari lake.