Yadi Arobaini za Corvell

“Skauti kumi na wanne, kila mtu na saa yake mkononi, wote wakosee?” Baba alikuwa akisema, na Corvell akajibu kwamba nyasi za chuo zilikuwa na umande, na Nita, mdogo wake, aliyesimama kwenye sinki akiosha sukuma, akafungulia bomba zaidi ili asisikie, lakini akasikia, kwa sababu jiko lao ni dogo na sauti ya Baba ni ya mtu aliyezoea kuzungumza akiwa chini ya mabasi ya shule akiyatengeneza, sekunde nne nukta saba tisa, akasema Baba, nne nukta saba tisa kwa yadi arobaini, bwana mkubwa, hata mimi na goti langu hili... na hakumalizia, utani ulimkwama, na Corvell akasema nyumbani nilikimbia mara sita, nikafika nne nukta tano nane, mzee, muulize Nita, na Nita akashika jani moja akalikunjua akatafuta mchanga kwenye mishipa yake, Mama alikuwa akisema sukuma huoshwa kwa maji matatu, ya kwanza ya mchanga, ya pili ya wadudu, ya tatu ya heshima, na haya yalikuwa ya nne au ya tano, hakuwa akihesabu tena, labda kweli ni umande, Machi hapa Mississippi ardhi haikauki, na vile viatu alivyoletewa na wakala vilikuwa vipya, kiatu kipya huteleza, labda ni viatu... lakini alikuwapo, asubuhi hii hii, nje ya uzio wa chuo pamoja na Baba, aliwaona skauti, wale wasaka wachezaji wa timu za kulipwa za mpira wa Kimarekani, wamejipanga mwisho wa mstari kama watu wanaongoja basi, jaketi zao za mvua, kofia za timu zao, na katikati yao yule mzee Hartzog aliyewahi kuja nyumbani, na Corvell akainama, akachomoka, akapita, vidole kumi na vinne vikabonyeza, kila mtu akatazama saa yake kisha ya jirani yake, na Hartzog akaandika kitu kimoja kifupi akafunga daftari, kifupi mno, hicho ndicho kilichomuuma, mtu akikutaka huandika marefu, na Oktoba Hartzog aliandika kurasa mbili, hapa hapa, kwenye kiti ambacho sasa Baba ameushikilia mgongo wake kama atauvunja, Mama alikuwa bado hai, na kitambaa chake kichwani, akamkaangia mgeni samaki akampa na mkate wa mahindi, na mgeni akala akafuta mikono akasema huyu kijana wenu ana macho, walinzi wengi wa safu ya pili huukimbilia mpira, huyu hutazama miguu ya yale majitu ya mstari wa mbele wa wapinzani akajua mpira utakwenda wapi kabla haujaondoka, hilo halifundishwi, lakini nyonga zake bado ngumu akigeuka, na mbio hazijakamilika, abaki chuoni mwaka mmoja zaidi, ale, akomae, halafu timu zitamgombania, akijiandikisha sasa kwenda timu za kulipwa, huenda siku ya timu kuchagua wachezaji ikapita jina lake lisitajwe, na akishatia sahihi hakuna kurudi chuoni, alisema hivyo polepole, akimtazama Corvell, kisha akawageukia wote akauliza swali ambalo Nita alidhani ni la adabu tu, swali la mgeni aliyeshiba.

“Ndani ya nyumba hii, nani humwambia ukweli?”

Na Mama akacheka, kicheko chake kile kilichopanda mwishoni kama mtu anayeruka ngazi ya mwisho, akamwelekezea Nita uma. “Huyo hapo. Huyo alisema mbele ya mchungaji kwamba keki yangu ni kavu.”

Ilikuwa kavu kweli... na Hartzog akaiona saa ya kupimia mbio ya Baba, ya zamani, imening’inia msumarini karibu na mlango, akaijaribu, akamfundisha Nita kwamba asibonyeze kwa kidole gumba, gumba lina haraka, abonyeze kwa kidole cha shahada, naye akaitikia, akasahau, au hakusahau, maana Novemba Mama alizikwa, na baada ya mazishi Nita hakurudi shule, mtu wa kupika alihitajika, na Corvell alilala siku nane akitazama ukuta, mwili wote ule umelala kama gogo, hali, haongei, mpaka asubuhi moja ya Desemba akasema njoo unipime, wakaenda uwanja wa shule, barafu nyembamba juu ya nyasi, Nita akasimama mwisho wa mstari, na Corvell akaja akikimbia kinywa wazi, macho yanatiririka, upepo au kilio, hakujua, na gumba likabonyeza, hatua moja kabla ya mstari, alijua papo hapo, alitaka kusema ngoja, turudie, nimekosea, lakini Corvell alikwisha kurudi akihema, ameshainyakua saa, nne nukta sita moja, na akacheka, akacheka kicheko kile kile kinachopanda mwishoni, ambacho nyumba hii ilikuwa haijakisikia tangu kaburini... nani angekirudisha kicheko hicho kaburini, nani, mtu mwenye moyo angefanyaje, na kesho yake akataka tena, Nita akampa tena, na keshokutwa akampa zaidi kidogo, kama mtu anavyomwongezea mgonjwa uji, mara sita, na Januari Corvell akatia sahihi kwenye meza hii, Baba akisema baki, mwanangu, baki, na yeye akisema Nita amepima, na Baba akanyamaza, alinyamaza kwa sababu aliyepima alikuwa Nita, angekuwa mtu mwingine yeyote Baba angebisha mpaka asubuhi. Siyo umande. Siyo viatu. Ni hatua moja, na kwa mlinzi wa safu ya pili hatua moja ndiyo mkono ukamate kiuno au ukamate hewa, ni mwaka mzima wa yale macho yake, umekwenda, na hata sasa akikandamiza jani chini ya maji gumba lake linafanya kama linabonyeza, na alikuwa akijiambia siku zote alibonyeza kwa ajili yake, kaka yake, aliyekuwa hali chakula, lakini leo, maji yakimpiga vidole, akaona kwamba hapana, Corvell angekula tu, njaa ingemwamsha siku ya tisa au ya kumi, yeye ndiye aliyekitaka kile kicheko, alikuwa na njaa nacho, akakinunua kwa mwaka wa mtu mwingine... akafunga bomba. Nyuma yake Baba alikuwa amekaa, goti limelia likikunjwa, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini, ikisema basi, mwanangu, basi, nimesema vibaya, na Nita akageuka, mikono inadondosha maji sakafuni, neno tayari liko mdomoni, ni mimi, maneno mawili tu, ni mimi, Corvell, na Corvell alikuwa ameshavaa jaketi, mkono kwenye kitasa, macho mekundu, akamwona anatazama akadhani anamhurumia, akanyoosha mkono msumarini, akaitoa saa na kamba yake, akamvika dada yake shingoni taratibu kama anavyovikwa mshindi, kisha akafungua mlango.

“Kesho kabla ya jua nitachora mistari upya,” akasema. “Wewe njoo na saa tu, Nita. Za wale wazee siziamini.”