Nafasi Chini ya Tarehe

Mchonga mawe ya makaburi alikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo ndiyo iliyompatia jina. Kama marehemu alikuwa ameokoka, akabatizwa, akaishi hivyo mpaka mwisho na mashahidi wapo, basi chini ya tarehe mbili, ile ya kuzaliwa na ile ya kufariki, alichonga maneno "Amelala katika Bwana." Kama hakuwa na hakika, hakuchonga kitu. Aliacha jiwe tupu pale chini, upana wa viganja viwili, na ukimwuliza alikujibu kwa upole kwamba yeye hasemi huyo mtu amepotea. Anasema tu kwamba hajui, na asilolijua hawezi kulitia patasi. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Watu wakamwita Bwana Funguo, maana ilionekana mbinguni wamemwachia zile za akiba.

Hakulichukia jina hilo. Tena, tusifichane, lilimpendeza kidogo.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na kila Alhamisi baada ya maombi alikuwa na mabishano yake na mchungaji. Mchungaji, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, aliamini watakaookolewa ni wengi, wengi kuliko wazee wa kanisa wanavyopenda. Bwana Funguo aliamini ni wachache. Njia ni nyembamba, alisema, na aliyelisema hilo ni Mwenye njia mwenyewe, wala hakuwa anatania.

"Nyembamba, nakubali," mchungaji alimjibu siku moja. "Ila sikumbuki tukipewa kazi ya kusimama pale mlangoni na kupima watu viuno."

Kwa kuwa kiuno chake mwenyewe kilikuwa cha kutosha, wazee wote walicheka. Bwana Funguo hakucheka. Alikuwa na sababu.

Miaka kadhaa nyuma, alikuwa amemchongea mzee mwenzake wa kanisa, mtu wa sala na machozi, maneno yale kwa herufi kubwa na za kina. Alitumia siku tatu nzima. Haikupita miezi miwili, akatokea mama mmoja na watoto watatu, wote watatu wana paji la uso la marehemu, na nyumbani kwa mjane pakawaka moto. Maneno yakabaki pale pale. Jiwe unaweza kuliongezea maneno, kuyapunguza huwezi. Ukitaka kufuta neno moja lazima ulisage jiwe zima mpaka tarehe na jina vyote viondoke. Tangu hapo, kila alipopita karibu na kaburi lile aligeuza uso, na kanuni yake ikakaza mara mbili.

Kisha akafa kaka yake.

Kaka yake alikuwa fundi wa magari, na mji mzima ulimwita Spana. Mikono yake haikuwahi kutakata na koo lake halikuwahi kukauka. Alikuwa mtu wa kukutengenezea gari ukiwa umekwama mvuani, akakataa malipo, kisha akaenda kunywa kwa mkopo. Kanisani alifika kwenye harusi na mazishi tu, akasimama nje na wavutaji sigara. Alipenda kumchokoza mdogo wake. "Hiyo mbingu yako ndogo sana, bwana," alikuwa akisema. "Ukifika huko, utaongea na nani?" Bwana Funguo alimwambia atubu. Spana alimwambia amkopeshe msumeno. Wakaishi hivyo miaka arobaini, na ukitaka kujua, walipendana.

Ini ndilo lililommaliza. Alilala hospitali siku sita, na siku nne kati ya hizo hakutamka neno. Kama alitubu moyoni, hakuna aliyesikia. Bwana Funguo alikaa kando ya kitanda, ameinama, sikio karibu na mdomo wa kaka yake, akingoja neno moja tu, hata nusu ya neno. Halikuja.

Jiwe alilichonga mwenyewe. Jina, tarehe mbili, na chini yake viganja viwili vya jiwe tupu. Alilia alipokuwa akichonga, na vumbi likamganda mashavuni. Lakini hakuongeza neno. Kama angeliongeza kwa kaka yake, je, wale wote aliowanyima angewaambia nini?  Mama yao aliliangalia jiwe siku lilipowekwa, akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akaondoka.

Miezi minne ikapita. Bwana Funguo hakukanyaga makaburini; kazi ya kupeleka mawe na kuyasimamisha alimwachia mwashi wake.

Asubuhi ya Jumanne, mama yao akaja karakana. Alikuja peke yake na fimbo yake, akaipindua ndoo, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaketi. Bwana Funguo alizima mashine ya kusagia.

"Shikamoo, mama. Mbona hukuniita nije nyumbani?"

"Marahaba, baba. Nyumbani ungeniletea chai na maneno mengine. Nimekuja kama mteja. Nataka jiwe langu."

Basi moyo wa Bwana Funguo ukafanya kitu cha ajabu: uliuma na ukafurahi kwa pamoja. Maana jiwe la mama lilikuwepo. Lilikuwa kwenye kona, limefunikwa gunia, mwaka wa tisa sasa. Marumaru nyeupe isiyo na mshipa hata mmoja, aliyokataa kuwauzia watu wazito wawili. Alilivua gunia kama mtu anayemwonyesha mama yake bibi harusi. Maneno alikwisha kuyapanga kwa penseli, na pale chini, kwa mwandiko mzuri kuliko yote aliyowahi kuandika, palikuwa na yale matatu.

Mama hakuwa msomaji mzuri. Alisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka akafika chini. Akapiga kidole pale.

"Haya uyatoe."

"Kwa nini, mama?"

"Nataka langu lifanane na la kaka yako. Jina, tarehe, basi. Asije akajiona yuko peke yake."

"Mama, wewe umeokoka. Mji mzima unajua."

"Mji ndio ulioniokoa?"

Bwana Funguo akaketi juu ya jiwe ambalo halijakatwa. Alimweleza. Alisema neema ipo, lakini mtu huipokea, hatupiwi tu kama mchanga. Alisema kama kila mtu anaingia, basi toba ni ya nini, na msalaba ni wa nini. Alisema vizuri, kama alivyosema kila Alhamisi, na mama alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Kisha yakamtoka yale ambayo Alhamisi hakuwahi kuyasema.

"Na mimi je, mama? Sijanywa. Sijazurura. Ujana wangu wote nilikuwa nikirudi nyumbani kabla ya giza huku yeye anacheka na watu barabarani. Kama naye anaingia tu, mimi nilijinyima vya nini?"

Mama akainua macho. Alimtazama kwa mshangao wa kweli, usio na kejeli.

"Kumbe ulikuwa unajinyima?" alisema. "Mimi miaka yote nilidhani ulikuwa unapenda."

 Barabarani mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia.

"Nikuambie kitu, baba," mama akaendelea. "Kaka yako alipokuwa akichelewa, sikuwahi kutia komeo. Unalikumbuka lile komeo la mlango wa mbele? Lina kutu kwa kukosa kazi. Baba yako aligomba, akasema wezi wataingia. Nikamwambia waingie, watakuta nini? Mimi, mwanamke wa kusoma kwa kidole, sikumfungia. Sasa wewe unataka niamini Mungu ana moyo mdogo kuliko wangu?"

"Sisemi hivyo, mama. Ninasema sijui."

"Basi na langu hujui," mama alisema, akainuka kwa fimbo yake. "Liache tupu."

Bwana Funguo hakufanya kazi ya maana siku ile. Alilifunika jiwe jeupe, akalifunua, akalifunika tena. Mama yake hatanii. Alikuwa mtu wa kusema mara moja. Na yeye kanuni yake ilikuwa inamdai, kwa hakika kabisa, amchongee mama yake maneno yale, na mama ameyakataa. Kumchongea kwa nguvu ni kumvunjia heshima kaburini. Kumwachia jiwe tupu ni kuandika mbele ya watu wote kwamba hata mama yake hamjui. Usiku na mchana alizunguka hapo hapo, na njia ya kutokea hakuiona.

Ijumaa mwashi akapata homa, na kulikuwa na jiwe lililoahidiwa. Ikabidi Bwana Funguo aende makaburini mwenyewe, na gari la kukodi, na begi lake la patasi. Wiki tatu hazikuwa na mvua. Alimaliza kulisimamisha jiwe mapema alasiri, akaanza kutembea kuelekea upande wa kaka yake, polepole, kwa kuzunguka, akisoma kazi zake za zamani njiani.

Hapo ndipo alipoona.

Kwenye jiwe la dereva mmoja wa lori, pale chini ya tarehe, mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: *Baba, tumefika salama.* Alidhani ni utundu wa watoto. Akatoa kitambaa mfukoni, akapafuta, kwa hasira ya fundi aliyechorewa ukuta. Jiwe la pili, la binti aliyejinyonga, ambalo alikumbuka kila herufi yake: *Bwana, mshike mkono, alikuwa anaogopa giza.* Hilo lilikuwa la rangi ya mafuta, rangi ya mlango, limeandikwa kwa brashi iliyochakaa. Hakuligusa. Akaenda la tatu. La nne. Mkaa, chaki, kalamu, ncha ya msumari. Mawe yote aliyoyaacha matupu, hakuna lililokuwa tupu. Yale yenye maneno yake mazuri yalikuwa kama alivyoyaacha, safi, na hakuna aliyeyagusa.

"Usijisumbue kufuta," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa mama mfagiaji wa makaburi, ameegemea ufagio wake. "Mvua ikifuta, wanarudi na mkaa mwingine. Wengine kila mwezi." Akamwangalia vizuri, akaliangalia begi la patasi. "Wewe ndiye fundi mwenyewe? Eh! Watu wanakushukuru sana humu."

"Wananishukuru kwa lipi?"

"Si kwa kuwaachia nafasi? Wanasema mafundi wengine wanajaza jiwe lote, lakini wewe una huruma. Huwa unawaachia wenyewe waseme."

Bwana Funguo alifungua mdomo amsahihishe, maana msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Akaufunga. Aliona aibu nzito.

"Na yule bibi wa fimbo," mfagiaji akaendelea, akionyesha kwa kidevu, "yeye ndiye ananiumiza roho. Kila Jumatano. Mkaa ameufunga kwenye leso. Kuandika kwenyewe kunamchukua saa nzima."

Aliifahamu sehemu hiyo kabla ya kufika. Jina la kaka yake lilikuwa limenyooka, tarehe zimenyooka, kazi safi. Chini yake, kwenye viganja viwili alivyoviacha, herufi za mkaa zilikuwa zimepanda na kushuka, nyingine kubwa nyingine ndogo, na ya mwisho imebanwa ukingoni kwa kukosa mahali. Aliona alama za kidole pale mama alipokosea akafuta, akaanza tena. Ilisema:

*HUYU PIA NI WAKO*

Alipiga magoti. Alilisoma kama mama alivyosoma, kwa kidole. Halikuwa limedai kitu. Halikusema kaka yake amelala wapi, wala katika nani. Hata yeye, na ukali wake wote, hakupata mahali pa kulipinga. Alitafuta kwa muda mrefu. Kisha akalia, si kama alivyolia karakana, bali kwa sauti, na mama mfagiaji akasogea mbali akafagia palipokwisha kufagiliwa.

Je, ni wachache au ni wengi? Hakujua. Alijua tu kwamba miaka yote ile alikuwa akihesabu, na hakuna aliyempa kazi ya kuhesabu.

Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, ya kwanza baada ya wiki tatu. Mfagiaji aliyaangalia, akarudi.

"Itanyesha," alisema. "Maskini bibi. Atakuja kuanza upya."

"Hataanza upya," Bwana Funguo alisema.

Akafungua begi, akachagua patasi nyembamba, ile ya kazi za heshima. Akaiweka ncha yake juu ya mkaa, kwenye herufi ya kwanza, iliyokuwa imelala kama mtu aliyeegemea ukuta. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka thelathini, ulitaka kuisimamisha. Akauzuia. Akapiga nyundo, taratibu, akifuata mkono wa mama yake kila ulikopanda na kila ulikoshuka, mpaka ile ya mwisho iliyobanwa ukingoni. Hakuinyoosha hata moja.