Mguu wa Fiacre

Mama Bernadette alikuwa akigeuza maandazi kwenye mafuta, kama kila alfajiri, wateja wa kwanza wakinywa uji kwenye benchi, lango la bati lilipopigwa teke. Akaenda kufungua. Ulikuwa mguu wa kulia wa mwanawe Fiacre, umesimama peke yake, soksi ya klabu imepandishwa hadi gotini. Ulikuwa umetembea kutoka uwanja wa ndege, kwa hiyo ulikuwa na vumbi jekundu la Bangui.

"Karibu," alisema, akarudi upesi kuepua maandazi yasiungue.

Mteja mmoja akasogea kuupisha. "Huo si wa Fiacre? Si anacheza Ulaya?"

"Ndio wake."

"Kumbe. Niongezee sukari, mama."

Jua lilipopanda aliuvua kiatu na soksi, akaukanda kwa mawese ya moto. Goti lilikuwa limevimba kama papai, limejaa matundu ya sindano. Adhuhuri Fiacre akapiga simu.

"Mama, mguu wangu umefika?"

"Umefika. Umelala."

"Afadhali. Kila nikiumia wananichoma ganzi, nacheza. Nadhani umechoka. Juzi nimecheza kwa ule mwingine tu, nikafunga kwa kichwa. Kocha hata hakugundua."

Neno lilimfika mama mdomoni. Lakini uani kaka yake Fiacre, Sabin, alikuwa akipanga matofali ya nyumba iliyokuwa ikijengwa kwa magoli ya mdogo wake. Akasema kama alivyosema miaka yote: "Jikaze, mwanangu."

Jioni mguu uliamka, ukaenda kiwanjani, mama na Sabin nyuma yake. Vijana wakauachia mpira. Uliuchukua taratibu, ukapita katikati ya mabeki kama maji yanavyopita kwenye mawe, kisha ukapiga. Mpira ulipaa, ukaning'inia juu ya paa la kanisa mpaka kila mtu akasahau kupumua, halafu ukashuka wavuni kwa upole. Kipa alikuwa ameshapiga magoti. Hakuna aliyeshangilia. Wazee walivua kofia; wenye pikipiki walizima injini. Mama Bernadette, aliyemjua mwanawe mchezaji kwa picha ndogo za simu tu, alihisi ngozi ikimsisimka mwili mzima.

"Mmoja tu!" Sabin aliwanong'oneza vijana. "Nanyi mnayo miwili mnaanguka-anguka kama walevi."

Ni mama peke yake aliyeuona mguu ukiegemea nguzo ya goli, ukitetemeka.

Kesho yake alikuja mtu wa klabu, amevaa suti, na begi refu mkononi. Sabin aliufunga mguu kamba za kiatu. Ulisita kidogo mlangoni, kisha ukaingia begini wenyewe, maana ulikuwa umefundishwa nidhamu.

Jumamosi Fiacre alipiga simu kutoka chumba cha kubadilishia nguo. Nyuma yake uwanja ulikuwa ukinguruma.

"Mama, wameshaurudisha. Daktari ananichoma sasa hivi, halafu tunaingia. Niombee."

"Mwambie afunge mawili," alisema Sabin, mikono imejaa saruji.

Mama Bernadette alimpa mgongo, akaishika simu kwa mikono yote miwili.

"Fiacre, kila nilipokwambia ujikaze, sikuwa namaanisha hivyo. Nilikuwa namaanisha rudi nyumbani, baba. Rudi hata kama hutatembea tena. Nitakubeba."