Mwenye Bucha na Bilinganya

Mimi nikikasirika hukata nyama vipande vidogo vidogo, kwa hiyo mwezi ule wateja wangu walipata nyama nzuri sana ya mchuzi. Aliyenitia hasira ni daktari. Alinipima, akanipima tena, akasema moyo wangu unafanya kazi ya punda.

"Nyama basi," akasema. "Kula mboga na matunda. Ukikaidi, hata mwaka sikuahidi."

"Daktari, unajua kazi yangu?"

"Naijua. Mke wangu hununua kwako."

Mtaani wananiita Mnofu. Bucha niliirithi kwa baba, pamoja na kulabu zake, mizani yake na gogo lake la kukatia, lililochimbika katikati kwa mapanga ya miaka arobaini. Baba alianguka pale pale kwenye gogo, panga mkononi, saa nne asubuhi, wateja wakiwa kwenye foleni. Miezi yake ya mwisho alikuwa na mtindo mmoja: akikata mara mbili tatu, anashika ukingo wa gogo kwa mkono wa kushoto, anasimama kidogo, halafu anaendelea. Mke wangu, wakati huo bi harusi mgeni, ndiye aliyeuliza mbona baba anashika gogo vile. Tukamcheka. Kumbe mzee alikuwa anatafuta pumzi.

Nilipomweleza habari za daktari, mke wangu hakulia. Aliingia jikoni, akatoka na kabichi ya kuchemsha.

Nitasema kweli, wiki ya kwanza nilitamani moyo usimame upesi tuyamalize. Kabichi ililegea kama kitambaa cha kudekia. Haina chumvi, haina ladha, haina hata adabu. Natafuna huku namtazama mwenzangu kwa jicho la lawama, naye ananitazama vilevile, mpaka siku moja akaninyang'anya sahani.

"Hivi wewe, nyama ukipewa hivi, imechemshwa tu, bila kitunguu, bila ndimu, ungeipenda?"

"Nisingeipenda."

"Basi mboga zimekukosea nini?"

Kesho yake akaweka mabilinganya mazima juu ya makaa, akayaacha mpaka ngozi ikapasuka na ndani yakawa laini. Akayaponda na kitunguu saumu, ndimu na pilipili mbichi. Jamani! Nilikula nikamaliza. Nililamba vidole, nikalamba na mwiko. Siku zilizofuata likaja boga la kuoka lenye mdalasini, ukaja uyoga wa kukaanga mpaka umekauka pembeni, likaja embe bichi la pilipili na chumvi kidogo, chumvi aliyoichota kwa ncha ya kidole kimoja. Mimi, mtoto wa bucha, nikawa naulizia saa ya chakula kama mtoto wa shule. Ngazi za nyumbani nilizokuwa nazipanda kwa kupumzika mara tatu, nikawa napumzika mara moja tu. Nilikuwa na furaha, sioni haya kusema.

Tatizo ni kwamba chakula cha mchana alikuwa ananiletea dukani.

Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye mdomo wake haujui kufungwa, aliingia siku moja kununua maini. Akanikuta nyuma ya mizani, uso wote ndani ya chombo.

"Mnofu, unakula nini?"

"Bilinganya."

"Na nyama je?"

"Siku hizi sili."

Hata ningemwambia nimeua mtu, asingeshtuka vile. Alitazama kulabu, akatazama chombo changu, akasema maini atachukua kesho. Kufika jioni mtaa mzima una habari: mwenye bucha hali nyama yake mwenyewe, kuna kitu anakijua.

"Nina ugonjwa wa moyo!" nikawaambia. Nilidhani nimeyamaliza maneno, kumbe ndiyo kwanza nayaanzisha. Hawa wakasema kama nyama imemuua moyo yeye, sisi itatubakiza? Wale wakauliza, ameila miaka yote, iweje aache leo? Nikiwaonyesha muhuri wa mkaguzi, wanasema mihuri inanunuliwa. Nikinyamaza, anaficha. Nikicheka, amebanwa. Foleni ikahamia bucha ya ng'ambo ya barabara, na mimi nikabaki nafukuza nzi.

"Tuuze mboga," mke wangu akasema.

"Kwenye kulabu za baba nitundike kabichi?"

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akanitazama sana. Mimi kazi nyingine siijui, naye analijua hilo.

Asubuhi moja akaja Mwalimu Mkuu, mama mwenye heshima zake, ambaye shule yake ndiyo mteja wangu mkubwa. Kinyozi yuko nyuma yake, na nyuma ya kinyozi watu kama saba waliokuja kutazama.

"Mnofu, mimi nalisha watoto wa watu," akasema. "Sikutuhumu, baba. Ila onja, tukuone."

"Mwalimu, daktari amenikataza..."

"Kipande kimoja tu. Kipande kimoja kitakufanya nini?"

Kinyozi ameshawasha jiko langu la nje. Nikajisemea, kimoja tu, yaishe. Wakakichoma, nikala. Sikuonja kitu ila chumvi na woga. Wakapiga makofi, na Mwalimu akabeba paja zima.

Kesho yake foleni ilirudi, ndefu kuliko zamani. Nilifurahi kama dakika moja hivi. Wa kwanza, mama muuza vitambaa, alichagua mbavu, akasema, "Haya, nionjee."

"Si nimeonja jana?"

"Jana umeonja ya Mwalimu. Hii ni yangu."

Wa pili akataka nionje maini yake. Wa tatu, steki. Nikisema hapana kwa mmoja, wote wanageuza macho ng'ambo ya barabara. Basi nikala. Kinyozi alikuwa kwenye jiko anageuza vipande, amejaa furaha, maskini, anaamini ananisaidia.

Saa saba mke wangu akafika na chombo. Akasimama mwisho wa foleni kama mteja, akaniona natafuna. Sikuweza kumwambia neno, mdomo umejaa.

"Mpisheni shemeji!" kinyozi akapaza sauti.

Wakampisha. Akaja mpaka mbele, akaweka chombo kando ya mizani, akafunua kifuniko kidogo. Bilinganya. Harufu ya kitunguu saumu iliponifikia nikataka kulia, mtu mzima mimi.

"Una nafasi tumboni?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikatikisa kichwa. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anautazama mkono wangu wa kushoto, na mimi nikainamisha macho kuutazama. Ulikuwa umeshika ukingo wa gogo, na sikujua umeshika tangu saa ngapi.

"Mnofu," mtu akaita kutoka nyuma, "bado yangu."